Picha kuganda: mvua inasingiziwa, paketi hazihesabiwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye kebo, wenye kumbi za kuonyeshea mpira, kamati za makanisa na misikiti, na yeyote wa Nyanda za Juu Kusini anayemlipa fundi amfungie video inayosafiri kwenye mtandao wa IP. Kuanzia Iringa, Mafinga na Makambako hadi Mbeya na Tukuyu kilio ni kimoja: picha inavunjika vijimraba, sauti inakwaruza, mpira unaganda mshambuliaji akiwa ndani ya kumi na nane. Jibu la fundi nalo ni moja: ni mvua, au ongeza kifurushi. Mteja anaongeza kifurushi, na Jumamosi inayofuata mpira unaganda palepale.

Kinachokosekana ni hesabu ya paketi zinazopotea, yaani mafungu madogo ya data ambamo video husafiri kwenye mtandao. Kile kipimo cha spidi ambacho kila mtu anakifungua kwenye simu hakikuonyeshi. Kinapakua kwa sekunde chache, paketi ikidondoka inaombwa tena kimyakimya, na mwishoni mnaonyeshwa megabiti 30 na wote mnafurahi. Video ya moja kwa moja inayotumwa kwa UDP tupu, njia ya kutuma bila kusubiri uthibitisho, haiombwi tena. Iliyodondoka njiani imekwenda.

Chukua chaneli moja ya megabiti 4 kwa sekunde. Video hukatwa vipande vya baiti 188, na vipande saba hupakiwa kwenye paketi moja, jumla baiti 1,316. Vinawekwa saba kwa sababu cha nane kingevuka baiti 1,500, ambao ndio ukomo wa kawaida wa paketi kwenye mtandao wa Ethernet. Ukigawanya, chaneli hiyo inatoa paketi 380 hivi kila sekunde. Sasa fundi akikwambia upotevu ni asilimia 0.1 tu, mwombe apige hesabu: hiyo ni paketi moja kila sekunde 2.6. Na paketi moja si nukta moja kwenye kioo. Fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video, nyingi hujengwa juu ya ile iliyotangulia, kwa hiyo doa likiingia hubaki pale hadi ije fremu kamili nyingine, ambayo enkoda (mitambo ya kubana video) nyingi hupangwa kuituma kila sekunde moja au mbili. La kwanza halijafutika vizuri, la pili limeshaingia. Kwa barua pepe huo ni mtandao mzuri kabisa. Kwa mpira ni mtandao mbovu. Kiwango cha kudai ndani ya jengo lako ni paketi isiyozidi moja kwa saa, na saa moja ya chaneli hiyo ina paketi 1,368,000.

Ndani ya jengo au kwenye mtaa wenye kebo, chaneli hutumwa kwa multikasti. Chanzo kinatuma nakala moja tu kwenye anwani ya kundi, tuseme 239.10.20.5, na swichi (kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao) inawagawia wale walioiomba. Ni mfumo mzuri, na ndimo makosa mengi ya ufungaji yanamojificha. Swichi rahisi isiyosimamiwa haijui nani ameomba nini, kwa hiyo inamwaga kila kitu kwenye kila poti, yaani kila tundu la waya. Chaneli 30 za megabiti 4 ni megabiti 120. King'amuzi chenye poti ya megabiti 100 kinamwagiwa 120, zinazozidi zinatupwa, na haisaidii kitu kwamba mtazamaji alitaka chaneli moja tu. Kompyuta ya mhasibu na kamera za ulinzi zilizochomekwa kwenye swichi hiyo nazo zinazama. Katika hali hiyo kuongeza kifurushi cha intaneti ni kutwanga maji kwenye kinu.

Dawa ni swichi inayosimamiwa, yenye uwezo wa kusikiliza maombi ya IGMP, yaani ujumbe ambao king'amuzi hutuma kuomba chaneli, na uwezo huo uwashwe. Wengi huishia hapo, na ndipo unapozaliwa ugonjwa unaojulikana kwa saa yake. Picha inakuja safi, inakaa dakika nne na sekunde kama ishirini, kisha inakatika. Ukihama chaneli na kurudi inakuja tena, na dakika nne baadaye inakufa tena. Sababu ni kwamba swichi humwondoa yule asiyethibitisha kuwa bado anatazama, na king'amuzi hakithibitishi mpaka kiulizwe. Lazima mtandao uwe na muulizaji mmoja, anayepita kila sekunde 125 kwa mpangilio wa kawaida. Asipokuwepo, sekunde 260 zinatimia na mlango unafungwa. Muulizaji huyo awashwe kwenye ruta (kifaa kinachounganisha mtandao mmoja na mwingine) au kwenye swichi kuu, apewe anwani ya IP ya mtandao huohuo, kisha mipangilio ihifadhiwe. Hilo la kuhifadhi linasahaulika kuliko yote. Umeme ukikatika usiku, swichi inaamka asubuhi haikumbuki chochote, na mteja anaambiwa imepigwa radi.

Anwani za makundi ziwe ndani ya 239, ambazo zimetengwa kwa matumizi ya ndani, lakini zisianze na 239.0.0 wala 239.128.0. Swichi nyingi haziangalii anwani yote. Zinaangalia biti 23 za mwisho tu. Kwa macho hayo, makundi hayo mawili yanafanana na 224.0.0, ambayo ni ya mazungumzo ya ruta zenyewe na swichi haiyachuji. Chaneli iliyowekwa huko inamwagika kila poti hata kama kila kitu kingine kimewashwa sawasawa. Kwa sababu hiyohiyo 239.10.20.5 na 239.138.20.5 ni kitu kimoja kwa swichi ya namna hiyo: anayeomba moja anapewa zote mbili. Na kama kati ya chanzo na watazamaji kuna ruta, angalia umri wa paketi (TTL), yaani idadi ya ruta inazoweza kufikia, uliowekwa kwenye enkoda. Programu nyingi huanza na umri wa 1, maana yake paketi inafia kwenye ruta ya kwanza. Weka 16 uendelee na kazi.

Multikasti usiipitishe kwenye waifai ya kawaida. Kifaa cha waifai huituma kwa spidi ya chini kabisa ili kila simu isikie, na hakisubiri jibu la kuthibitisha kwamba imefika, tofauti na kinavyofanya kwa data nyingine. Televisheni ya ukumbini ivutiwe waya. Na waya wenyewe ukaguliwe kabla ya kuingia ukutani: kwaruza uzi mmoja kwa ncha ya kisu, na chini ya ile rangi ya shaba ukiona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, hata kama boksi limeandikwa Cat 6. Waya huo kwa mita 80 na vichwa vya RJ45 vilivyobanwa vibaya utakupa makosa machache kila dakika, usiyoyaona kwenye kipimo cha spidi. Ukomo wa waya wa shaba ni mita 100. Kutoka jengo moja hadi lingine tumia faiba, kwa sababu radi za huku hazina adabu, na shaba kati ya paa mbili ni kuziwekea njia. Kosa lingine la zamani ambalo bado linakutwa: upande mmoja wa waya umelazimishwa megabiti 100 njia mbili (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja), mwingine umeachwa ujichagulie wenyewe. Huo wa pili unaangukia kwenye njia moja, kutuma na kupokea kwa zamu, na mzigo ukipanda paketi zinagongana. Pande zote mbili ziachwe zijichagulie, au zote zilazimishwe.

Ukaguzi wa kwanza hauna gharama. Chukua kompyuta mpakato, izime waifai, ichomeke kwa waya kwenye poti ileile ya king'amuzi. Waifai izimwe kwa sababu kompyuta yenye milango miwili inaweza kutuma ombi la kujiunga kupitia mlango usio sahihi, ukabaki unatazama kioo cheusi. Fungua VLC, programu ya bure ya kutazama video, bonyeza Ctrl na N, andika udp://@239.10.20.5:1234. Hiyo 1234 ni namba ya poti ya UDP, si tundu la waya. Alama ya @ isiachwe, ndiyo inayoiambia programu ikae isikilize kundi hilo. Picha ikija, bonyeza Ctrl na J ufungue kichupo cha takwimu. Kasi inayoingia icheze karibu na kilobiti 4,000 kwa chaneli yetu ya mfano, na mistari inayohesabu vilivyoharibika na vilivyokatika ibaki sifuri. Ikianza kupanda, upotevu upo. Baada ya hapo rudia jambo lilelile kwenye chumba cha mitambo, karibu kabisa na chanzo. Kule sifuri na huku 40, ubovu uko katikati. Kule 40 na huku 40, usihangaike na waya.

Ukaguzi wa pili unafaa kuachwa usiku kucha. Kuna programu ya bure iitwayo TSDuck, na amri yake ni fupi: tsp -I ip 239.10.20.5:1234 -P continuity -O drop. Haionyeshi picha, inahesabu tu. Kila kipande cha baiti 188 kimebeba namba inayokwenda 0 hadi 15 kisha inaanza upya, video kwa hesabu yake na sauti kwa yake. Tuseme video imetoka 6 ikafuata 14. Vipande saba havipo, na saba ni paketi moja kamili: hiyo imedondoka kwenye mtandao. Wakati mwingine utaona video imekosa sita na sauti imekosa kimoja kwa dakika ileile, jumla ni saba, jibu ni lilelile. Lakini ukiona kinakosekana kimoja hapa, viwili pale, bila kufika saba, basi viliharibika kabla ya kupakiwa. Tafuta kwenye dishi, kwenye kipokezi cha satelaiti au kwenye enkoda, na mwenye mtandao mwache apumzike.

Mkondo wa video ukitumwa kwa RTP, mfumo unaozipa paketi namba juu ya UDP, kazi ni rahisi zaidi, maana paketi yenyewe ina namba yake ya mfuatano, kuanzia 0 hadi 65,535. Namba za paketi zikiwa hazijaruka lakini za vipande zimeruka, chanzo ndicho kibovu. Zikiruka zote mbili, ni mtandao. RTP inaongeza baiti 12 tu kwa paketi, na hakuna sababu ya maana ya kuikwepa. Ugomvi kati ya mwenye dishi na mwenye mtandao unaomaliza miezi unaisha kwa hesabu hizo mbili.

Iko hali moja inayowachanganya hata wazoefu. tcpdump, programu ya kunasa paketi, kwenye seva inaonyesha paketi zinaingia zote, lakini programu ya kupokelea haioni kitu, au inaona nusu. Kama haioni kabisa, angalia fayawoli (kinga inayozuia paketi), kisha mpangilio wa Linux uitwao rp_filter: seva yenye kadi mbili za mtandao hukataa paketi iliyoingia kwa kadi ambayo si njia ya kurudia kwa mtumaji. Kama inaona nusu, tazama amri ya netstat -su. Hesabu ya makosa ya bafa ya kupokelea (kumbukumbu ya muda ambamo paketi husubiri) ikipanda, paketi zilifika salama hadi mlangoni na kompyuta yenyewe ikazimwaga, kwa kuwa bafa imejaa kabla programu haijazichota. Ukomo wa kawaida wa bafa kwenye Linux ni baiti 212,992. Kwa mkondo wa megabiti 40 hizo hazifiki hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Panua mpangilio wa net.core.rmem_max hadi 8388608, kisha iambie na programu iombe kiasi hicho; kwenye ffmpeg, programu ya kuchakata video, unaongeza buffer_size=8388608 mwishoni mwa anwani. Kupanua ukomo bila programu kuomba hakubadilishi kitu, na wengi huishia kwenye hatua ya kwanza wakidhani wamemaliza.

Kutoka mji hadi mji mambo ni mengine. Multikasti haipiti kwenye intaneti ya kawaida, kwa hiyo ibada inayorushwa Dar es Salaam ikapokelewe Njombe, au mechi ya Uwanja wa Sokoine ikatazamwe Iringa, inafaa itumwe kwa SRT. Hii nayo hutumia UDP, ila paketi ikipotea mpokeaji anaiomba tena, mradi muda upo. Muda huo ndio mpangilio wa kukaa nao. Unaanza na milisekunde 120, na watu huuacha hivyo. Piga ping, amri inayopima kwa milisekunde muda wa paketi kwenda na kurudi, kwa dakika kumi, saa ileile ambayo matangazo yatakuwa hewani, si saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Chukua muda wa kwenda na kurudi, zidisha kwa nne. Ping ya 30 inatoshwa na 120 ile ya kuanzia. Ping ya 100 inayopanda hadi 200 jioni inataka 800. Mwanga ndani ya faiba huenda karibu kilomita 200 kwa milisekunde, na Dar es Salaam hadi Mbeya kwa barabara ni kama kilomita 830, kwa hiyo anayekuahidi ping ya 3 kati ya miji hiyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kumbuka pia kwamba kati ya muda uliowekwa na mtumaji na ule wa mpokeaji, mkubwa ndiyo inayoshinda. Wewe ukiweka 300 na mwenzako 2,000, mtachelewa sekunde mbili.

Laini za simu nyingi hazikupi anwani ya IP ya hadharani, yaani ile inayofikiwa na mtu wa nje. Ukikaa unasubiri kupigiwa hutapigiwa kamwe. Upande wenye anwani ya hadharani ndio usikilize, wewe ndiye upige. Tenga pia robo ya ziada kwa ajili ya paketi zinazorudiwa: mkondo wa megabiti 4 uwe na njia ya megabiti 5 isiyoguswa na mtu mwingine. Na bando lihesabiwe mapema, kwani megabiti 4 kwa saa moja ni GB 1.8. Mechi na maandalizi yake, saa mbili, ni GB 3.6 kabla ya hizo za kurudiwa.

Unapotazama takwimu za SRT, usishtushwe na hesabu ya zilizopotea. Tazama zilizotupwa. Zilizopotea zikarudishwa kwa wakati hazionekani kwenye kioo. Zilizotupwa ni zile ambazo hazikurudi kabla fremu yake haijapita. Zilizopotea zikiwa 900 na zilizotupwa 0, mpangilio wako ni sahihi na mtandao unahangaika peke yake. Zilizotupwa zikianza kupanda, ongeza muda kabla ya kupiga simu kwa mtu yeyote.

Sasa mvua. Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi nchini, na dishi la masafa ya Ku, yanayotumiwa na televisheni nyingi za satelaiti, linaathirika kweli wingu zito likikaa mbele yake. Lakini linaathirika kwa namna inayoonekana: namba ya ubora wa mawimbi kwenye kipokezi inashuka taratibu, dakika kwa dakika, ndipo picha inavunjika. Redio za kuunganisha majengo au vilima kwa masafa ya 5 GHz ni kitu kingine. Kwa kilomita chache mvua karibu haizigusi. Ni masafa ya juu, kuanzia kama 10 GHz na kuendelea, ndiyo yanayonyweshwa. Redio ya 5 GHz ikikatika wakati wa mvua, panda mlingotini uangalie koneta iliyoingia maji, waya wa nje uliochanika ganda, au mlingoti unaocheza kwa upepo. Ikikatika jioni hata bila mvua, ni jirani aliyefunga redio yake kwenye chaneli yako, na kwa mji uliojaa vilima vyenye minara kama Mbeya hilo ni la kila wiki.

Jambo moja hesabu za paketi haziwezi kukuambia: kama chanzo kimeganda chenyewe. Enkoda iliyokwama kwenye picha moja inatuma paketi safi, zote 380 kila sekunde, na kila taa ni ya kijani. Kwa hilo ffmpeg ina vichujio vitatu, freezedetect, blackdetect na silencedetect, vinavyopiga kelele picha ikisimama, ikiwa nyeusi au sauti ikitoweka. Kwa silencedetect toa nafasi ya sekunde kumi au zaidi, la sivyo kila mahubiri yenye ukimya yatakuamsha usiku.

Ombi kwa wanaolipa ni hili. Mkataba wa ufungaji useme kwamba salio halilipwi mpaka fundi alete kumbukumbu ya saa 24, iliyochukuliwa kwenye poti ya mwisho, mbali kabisa na chumba cha mitambo. Kila dakika iwe na mstari wake: saa, paketi zilizopotea, na kwa SRT zilizotupwa pamoja na ping, kwa dishi, ubora wa mawimbi. Saa ya kompyuta iwekwe kwa NTP, mfumo wa kurekebisha saa kupitia mtandao, kwa sababu kumbukumbu mbili zilizopishana dakika saba hazilinganishiki. Katikati ya saa hizo 24 umeme uzimwe makusudi mara moja na kuwashwa, tuone swichi inaamka ikikumbuka nini. Kumbukumbu ikija safi, mlipe siku hiyohiyo bila kumzungusha.

Fundi mitambo ya video,
Uyole, Mbeya